Kifuko cha ukili, kisahani cha kifuu na korosho za kukaanga: zawadi za kutengeneza nyumbani

Harusi ikitangazwa huku kwetu kusini mwa Tanzania, au mwali akikaribia kutolewa nje, zawadi zinajulikana: doti za kanga, sufuria, seti ya vikombe, bahasha. Sina neno nazo. Ila kuna miezi ambayo mfuko umebana, na kuna watu ambao kila ukiwaza uwape nini unaona wanavyo tayari. Kwa watu hao na kwa miezi hiyo, malighafi imejaa kuanzia Kilwa hadi mpakani Ruvuma: mikindu na mikoche maporini, vifuu vya nazi vinavyotupwa kila siku baada ya kukuna, kanga zilizochakaa kabatini, na korosho.

Hapa nitaeleza vitu vitatu unavyoweza kutoa pamoja au kimoja kimoja: kifuko cha ukili (msuko mrefu wa majani yaliyochanwa), kisahani cha sabuni cha kifuu, na korosho za kukaanga za kujaza hicho kifuko. Mapambo matupu nimeyaacha makusudi. Ua la karatasi hukaa juu ya kabati likishika vumbi, lakini kifuko mtu huenda nacho sokoni. Tena tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, kifuko kizuri hakikosi kazi.

Jambo moja ulijue mapema. Kusuka si kazi ngumu, hata mtoto wa darasa la nne anajifunza akiwa amekaa kibarazani na bibi yake. Kazi iko kwenye kuandaa: kukausha, kuchana, kutia rangi, kulainisha. Anayeruka hatua hizo atasuka vizuri tu, na baada ya wiki mbili kifuko kitalegea, kitaacha mianya na kuchuja rangi kwenye nguo ya mwenye kukibeba. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maandalizi, uniwie radhi.

Vifaa

Kwa kifuko kimoja cha kubeba nusu kilo ya korosho utahitaji:

- chane (majani yaliyochanwa) za miyaa au ukindu, fungu moja la kushikika mkononi, nyingine za rangi na nyingine nyeupe
- shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia
- uzi wa nailoni mwembamba wenye rangi inayokaribiana na ukili
- kopo tupu lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, kama ya maziwa ya unga
- vibanio vya nguo sita au saba
- mkasi, futi ya fundi cherehani, kitambaa kikuukuu
- kipande cha kanga cha bitana

Kwa kisahani: nazi mbili zilizokomaa, msumeno wa kukatia chuma, msasa wa aina tatu (mkali, wa kati na laini), msumari, gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, na mafuta ya nazi kidogo.

Kupata chane

Njia rahisi ni kununua. Masoko ya Mtwara na Lindi yana akina mama wanaouza mafungu ya chane zilizokwisha kukaushwa, na nyingine zimetiwa rangi kabisa. Usifike ukaanza na bei. Toa shikamoo, ukaribishwe, halafu uliza: "Bibi, hizi zimekatwa kiangazi hiki au ni za zamani?" Chane ya zamani ukiikunja katikati inakatika kwa mlio, mpya inakunjika na kurudi. Kunja mbili tatu kutoka sehemu mbalimbali za fungu, kwani za juu huwa ndizo nzuri.

Kuna mimea miwili mikubwa ya kazi hii. Ukindu, unaotoka kwenye mkindu, ni laini na mng'avu, na ndio unaopendwa kwa mikeka mizuri ya kulalia. Miyaa, inayotoka kwenye mkoche, ni mikavu na migumu zaidi, na kwa kikapu ugumu huo ni sifa. Anayeanza ninamshauri achukue miyaa. Majani yake ni marefu, hivyo hutaunga chane mpya kila baada ya dakika chache, na kuunga ndiko kunakowatoa wengi kwenye mstari.

Ukitaka kukata mwenyewe, muombe mwenye shamba, kisha fanya hivi:

1. Kata kuti changa la katikati ambalo bado limefumba, halijakunjuka. Yaliyokwisha kufunguka yamekuwa magumu na yana madoa.
2. Chukua kuti moja tu kwa kila mti, uuache mti upumzike mpaka utoe jingine. Mti unaonyofolewa kila mara hudumaa. Kisu kisishuke hadi kwenye moyo wa mti, kwa kuwa moyo ukikatwa shina hilo limekufa.
3. Nyumbani, achanisha majani moja moja, utandaze juu ya mkeka au bati safi juani. Yageuze mchana. Jioni ingiza ndani kabla ya umande, la sivyo yatapata vidoa vyeusi visivyotoka.
4. Rudia mpaka ukijani uondoke na jani liwe na rangi ya majani makavu ya mpunga. Kwenye jua kali ni siku chache tu.

Huku kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kazi ya kukausha ifanyike kiangazi, kuanzia Juni. Anayekausha mwezi wa Februari anafuga ukungu.

Kuchana kwa upana mmoja

Ondoa ule uti wa katikati wa jani kwa ncha ya sindano. Unabaki na pande mbili laini. Sasa zinatakiwa chane za milimita 8 zote, na hapa jicho halitoshi. Pigilia misumari miwili midogo kwenye kipande cha ubao mpaka ncha zitokeze upande wa pili, zikiwa zimeachana milimita 8. Tandika jani juu ya ncha, libonyeze, kisha livute kwa mkupuo mmoja. Linatoka chane yenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Wasukaji wazoefu hutumia ukucha na macho tu, na wanapata sawasawa. Mimi na wewe tutumie misumari.

Chane zenye upana tofauti hazifichiki. Ukili utapinda kama nyoka, na ukifika kwenye kushona kingo hazitakutana.

Kutia rangi

Rangi mbili zinatosha: nyeupe ya asili na moja ya kuchovya. Nimeona vifuko vya rangi tano ambavyo macho hayajui yatue wapi.

Rangi ya unga ya mikeka inauzwa kwa vijiko sokoni, karibu na wauza chane wenyewe. Tenga sufuria moja kuukuu kwa kazi hii na usiirudishe tena kwenye mboga.

1. Loweka chane kwenye maji matupu nusu saa. Chane kavu ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye rangi inanywa mahali na kukataa mahali.
2. Chemsha lita 3 za maji, weka kijiko kimoja cha chai cha rangi na konzi ya chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Chovya chane moja ya kujaribia. Ikiwa imepauka, ongeza rangi kidogo kidogo.
3. Ingiza chane zikiwa zimefungwa mafungu madogo kwa legelege. Zichemke taratibu dakika 20 hadi 30, ukigeuza kwa kijiti.
4. Acha zipoe humohumo.
5. Suuza, suuza tena, mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini, kwa sababu jua la saa sita huipausha rangi mpya.
6. Zikikauka, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu usugue chane kwa nguvu. Kitambaa kikichafuka, rudi kwenye kusuuza.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomletea mtoa zawadi aibu. Bibi harusi akiweka kifuko juu ya kitenge chake kipya kikaacha doa jekundu, hatasema kitu mbele za watu, ila hatakishika tena.

Wasiotaka rangi ya dukani wanaweza kuchemsha manjano ya unga pamoja na shabu kidogo. Inatoa njano ya kupendeza, lakini ujue hufifia juani, basi iwe kwa kifuko cha kukaa ndani. Magome ya mikoko hutoa rangi nyekundu ya udongo, na wazee waliyatumia. Mimi siyashauri, kwani mkoko uliobanduliwa gome hukauka, na fukwe zetu zinauhitaji ukiwa hai.

Kulainisha

Saa moja kabla ya kusuka, nyunyizia chane maji kwa mkono, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziache. Usiziloweke kwenye ndoo. Chane iliyoshiba maji huvimba, unaisuka ikiwa imevimba, kisha ikikauka inasinyaa na kuacha nafasi ambayo kidole kinapita. Inayofaa ni ile inayokunjika bila kulia na isiyoacha maji mkononi. Unaposuka, toa chache chache, nyingine zibaki kitambaani.

Kusuka ukili wa chane tano

Chane ni yale majani yaliyochanwa, ukili ni msuko mrefu unaotokana nayo. Kifuko chote ni ukili mmoja mrefu unaozungushwa na kushonwa.

Panga chane tano sambamba, uzibane kwa kibanio upande wa juu. Anza na mbili kushoto, tatu kulia.

1. Shika chane ya mwisho kulia. Ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata. Imefika katikati. Sasa kushoto kuna tatu, kulia mbili.
2. Shika ya mwisho kushoto. Juu ya jirani, chini ya inayofuata. Imefika katikati.
3. Rudi kulia. Endelea hivyo hivyo: kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Kila chane inapogeuka ukingoni, ikunje kwa kucha ili ukingo uwe umenyooka. Kila baada ya mapigo manne matano, vuta chane zote kidogo kuubana msuko. Mwanzoni utachanganya zamu. Tazama upande wenye chane tatu, huko ndiko zamu iliko.

Ukitaka rangi ionekane vizuri, weka mbili za rangi na tatu nyeupe, zile za rangi zikiwa pembeni pamoja. Itatoka mistari ya mshazari. Moja ya rangi kwa nne nyeupe inatoa vidoadoa vya mbalimbali, navyo ni vizuri kwa mtu asiyependa makuu.

Kuunga: chane ikibaki na urefu wa vidole vinne, laza mpya juu yake, suka zote mbili kama moja mpaka ile ya zamani iishe. Mikia itakayojitokeza isikatwe sasa. Isubiri ukili ukauke ndipo uipunguze kwa mkasi. Na usiunge mbili mahali pamoja. Anza na chane zenye urefu tofauti ili miungo ipishane yenyewe.

Ukili huu utakuwa na upana wa sentimita 2 na nusu hivi. Urefu unaohitajika unapigiwa hesabu hivi: kopo la kipenyo cha sentimita 10 lina mzunguko wa kama sentimita 32, na kimo tunachotaka ni sentimita 20, yaani mizunguko minane. Mara nane 32 ni 256. Ongeza za kuanzia, kumalizia na kupotea, suka mita 3. Ukitaka kifuko kikubwa, pima kopo lako upya kwa njia hiyohiyo.

Anayeanza asitegemee kumaliza mita 3 jioni moja. Mgongo hauruhusu. Ukilala kabla hujamaliza, bana mwisho kwa kibanio na ufunike kwa kitambaa chenye unyevu. Ukimaliza, anika ukili siku moja kabla ya kushona, usinyae kadiri utakavyosinyaa, kisha uunyunyizie kidogo tu.

Kushona

Hapa wengi wanakosa subira, kwa sababu kitu kimeanza kuonekana.

1. Kata mwanzo wa ukili kwa mshazari, uushone kwa uzi ili usifumuke.
2. Zungushia kopo mara moja. Mzunguko wa pili uanze pale wa kwanza ulipoishia, ukipanda taratibu juu yake, kingo zikigusana. Bana kwa vibanio.
3. Pitisha shazia kwenye vitanzi vya ukingo wa juu na vya ukingo wa chini kwa zamu, kitanzi kwa kitanzi, ili kingo ziingiliane. Vuta uzi uwe umekaza, lakini si mpaka ukili ukunjamane.
4. Endelea kuzungusha na kushona mpaka mizunguko minane itimie. Kila mizunguko miwili legeza kopo kidogo, uone kama bado linatoka. Lisipotoka unakaza mno.
5. Mwisho wa ukili ukate mshazari kama mwanzo, uuteremshe taratibu chini ya mzunguko uliotangulia na kuushonea kwa ndani. Mdomo sasa uko sawa.
6. Chomoa kopo. Geuza kifuko ndani nje, kibane upande wa chini kiwe bapa, shona mstari wa kufunga kitako. Rudia mstari wa pili juu yake.
7. Ili kisimame, vuta kila pembe ya kitako iwe pembetatu, pima sentimita 6 kwa upana, shona kukatiza, kisha lalia ile pembetatu kwenye kitako. Fanya pembe zote mbili. Mafundi cherehani wanaijua njia hii kwenye mifuko ya vitambaa. Ukili ukiwa umekauka sana utavunjika hapa, hivyo nyunyizia maji pembeni kwanza.
8. Geuza upande wa nje, ingiza kopo tena ndani, acha kikauke kivulini usiku mzima. Kinashika umbo.

Mikono ya kubebea isuke kwa chane tatu nyembamba za milimita 4, zilizorudufiwa, au kwa vipande vitatu vya kanga. Usiishonee kwenye mdomo peke yake. Ishushe mizunguko mitatu chini, ndani ya kifuko, na ushonee kila mzunguko. Vikapu vingi vya sokoni hukatikia mkononi wakati kapu lenyewe bado zima kabisa.

Bitana ya kanga

Kanga iliyochakaa katikati mara nyingi pindo lake bado ni zima, na jina linasomeka. Ifue kwanza kwa maji ya chumvi uone kama inachuja.

Kata kipande cha sentimita 34 kwa 32. Zile 34 ni mzunguko na mshono, zile 32 ni kimo cha kifuko na nyongeza ya kutokeza juu ya mdomo kama sentimita 10, itakayofungwa kwa kamba. Shona ubavu, shona kitako, kunja ukingo wa juu upitishe kamba, tumbukiza ndani ya kifuko mishono ikitazama ukili, kisha shonea kwa mkono kwenye mzunguko wa pili kutoka juu.

Jina la kanga likikaa kwenye ile sehemu inayotokeza, zawadi imepata barua yake. Lakini mzunguko wa sentimita 32 hautoshi jina refu. Tafuta la maneno mawili au matatu, au likate lote uzungushie kama utepe wa kufungia. Na lisome kabla ya kukata! Kanga nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya kumfikishia mtu fulani ujumbe fulani. Bibi harusi akipokea kifuko kilichoandikwa "Hasidi hana sababu", ukumbi mzima utatafuta hasidi ni nani, na wewe ndiye mwenye kifuko.

Kifungo, ukipenda, kinaweza kuwa cha mpingo. Wachongaji wa Kimakonde hubakiwa na vipande vidogo vya kutupa, na ukiomba kwa heshima hupewa au kuuziwa kwa kidogo. Kipande cha urefu wa kidole gumba, kikatobolewa katikati, kikasuguliwa kwa msasa laini na kupakwa nta, kinatosha. Funika pua na mdomo wakati wa kusugua, kwani vumbi la mpingo huwasha. Mti mzima usiuguse; kukata mpingo kunahitaji kibali cha maliasili.

Kisahani cha sabuni

Hiki ni chepesi, na ndicho cha kuanzia kama una watoto nyumbani wanaotaka kusaidia.

Chagua nazi iliyokomaa, yenye kifuu cheusi. Ivunje kwa kuigonga na mgongo wa panga kwenye mstari wa katikati huku ukiizungusha. Inapasuka pande mbili karibu sawa. Nazi ikune ule. Mabaki yaliyoganda kifuuni yaanike juani, yanasinyaa na kubanduka kwa kisu.

Nusu tunayoitaka ni ile yenye macho matatu. Jicho moja kati ya hayo ni laini, hilo ambalo mche wa mnazi hutokea. Lichome kwa msumari: tayari una tundu la kutolea maji, bila kekee. Sabuni haitalala kwenye maji.

Kwangua nyuzi za nje kwa kisu au kipande cha kioo, kisha msasa mkali mpaka mifereji ipotee, wa kati, halafu laini. Nje hung'aa baada ya kazi ndefu. Ndani inatosha kuwa safi. Mdomo usawazishe kwa kuusugua juu ya msasa uliolazwa mezani.

Kifuu hakisimami chenyewe. Kutoka nazi ya pili, kata kwa msumeno pete ya upana wa sentimita 2, karibu na ncha isiyo na macho ambako mduara ni mdogo. Isugue, igundishe chini ya kisahani, tundu la jicho likiwa katikati ya pete. Toboa pengo dogo ubavuni mwa pete ili maji yapate njia. Gundi ikauke usiku mzima.

Mwisho paka mafuta ya nazi membamba kwa kitambaa, acha saa chache, futa. Rudia kesho yake. Usiyamwagie kwa wingi, maana yaliyobaki juu huchacha na kutoa harufu.

Kuna watakaotamani kupamba kwa makombe ya baharini. Yaliyo hai yaache majini. Upande wa Msimbati na Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na kuokota humo si jambo la kujiamulia. Hata lile tupu la ufukweni mara nyingi kaa mdogo amekwisha kuhamia, ligeuze utazame.

Korosho za kujaza

Nunua zilizobanguliwa na kumenywa ngozi, nzima nzima. Vipande vina ladha ileile na bei nafuu, lakini hivyo vibaki jikoni kwako. Usijaribu kuchoma korosho ghafi jikoni ndani ya nyumba: mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho na kifua. Wabanguaji wanajua wanavyofanya.

Msimu wa mavuno huanza karibu na Oktoba, hapo ndipo utapata za mwaka huo.

1. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto. Nyunyizia nusu kilo ya korosho, changanya, tandaza zikauke dakika 20.
2. Weka kikaango kizito juu ya makaa machache. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.
3. Geuza bila kuacha, kama dakika 15. Usiende kuitikia hodi.
4. Epua zikiwa bado nyepesi kuliko rangi unayoitaka, kwa kuwa zinaendelea kuiva zenyewe.
5. Tandaza kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, saa nzima. Zikifungwa na joto hutoa jasho na kulainika.

Zifunge kwanza kwenye kifungashio cha chakula kisichopitisha hewa, ndipo uingize kwenye kifuko. Mafuta ya korosho huchafua bitana, na ukili hauzuii unyevu. Muulize mapema anayepewa kama korosho hazimdhuru, wapo zinaowavimbisha midomo. Na kama zawadi inakwenda Newala au Tandahimba, badilisha kabisa. Huko wanazo ghalani. Jaza ufuta uliokaangwa au kashata za ufuta, ambao Lindi hauna shida kupatikana, na watafurahi zaidi.

Kusafirisha na kutunza

Kifuko kinachopanda basi kwenda Dar es Salaam kisilazwe chini ya mizigo. Kijaze vizuri, weka kisahani juu ya korosho kikiwa kimefungwa kwenye kanga, kisha beba mkononi au kipakate. Kikibonyea njiani, kinyunyizie maji kidogo, jaza vitambaa, kiache usiku, kitarudi.

Mwambie anayepewa mambo mawili matatu, au uyaandike kwenye karatasi ndogo. Kifuko kisifuliwe kwa kuloweka, kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na kuanikwa kivulini. Masika kisining'inizwe ukutani penye unyevu, na kikionyesha ukungu kipigwe brashi kavu na kuota jua la asubuhi. Kisahani kipakwe mafuta kila kinapoanza kupauka. Korosho ziliwe ndani ya wiki chache, ingawa sijawahi kuona nyumba ambayo agizo hilo lilihitajika.